Kilio cha Kuazima

Katika mji wetu, ukitaka kupiga muziki wa huzuni ilibidi kwanza afe mkubwa. Sisemi kwa mzaha. Huzuni ilikuwa na wenyewe. Mtu wa kawaida akifa alizikwa kwa tarumbeta mbili za walevi, basi. Lakini mkubwa wa Chama, mkurugenzi wa kiwanda au profesa mwenye nishani aliwekwa ukumbini, jeneza wazi, na nyuma yake michikichi iliyopandwa kwenye mapipa. Nyuma ya michikichi hiyo tulikaa sisi wanne: fidla mbili, viola na chelo. Viola, ile fidla ya sauti nzito, ilikuwa yangu.

"Mwenyeji wetu leo nani?" Matvei aliuliza kila tulipoitwa. Yeye alikuwa fidla ya kwanza na mkubwa wetu. Marehemu tulimwita mwenyeji kwa sababu baada ya mazishi kulikuwa na meza, na miaka ile ya baada ya vita mtu hakuikataa meza. Chapati za maji, matango ya chumvi, ngano ya kuchemsha na asali, vodka. Kifo cha wengi harusi, alisema Matvei, akifuta sahani kwa mkate.

Msituone hatuna utu. Njaa ya tumbo ilikuwepo, ila kulikuwa na njaa nyingine, ya kupiga kitu cha polepole. Kwenye matamasha ilitakiwa furaha tu. Furaha ya trekta, furaha ya bwawa la umeme, furaha ya miti iliyopandwa nyikani. Mkono wangu wa kulia ulichoka kwa furaha. Kwa maiti tu ndipo tuliruhusiwa kuvuta upinde hadi mwisho wake.

Innokenty Pavlovich Ryabinin, mtunzi, alifika kwetu wakati wa vita. Alitolewa Leningrad, mji uliozingirwa na adui, kwa lori juu ya ziwa lililoganda, akapewa chumba kwenye nyumba yetu, jiko moja na familia sita. Mkewe Lidiya hakutoka. Njaa ilimmaliza kabla zamu yao haijafika. Innokenty hakuwa mtu wa kusimulia mambo yake. Ila siku moja tulikuwa jikoni tunamenya viazi, nikamsikia anaimba kwa pua wimbo mfupi, unapanda kidogo, unasita, unarudi chini ulikotoka.

"Nini hiyo?" nikamuuliza.

"Lidiya. Alikuwa anauimba akimenya viazi." Akageuza kiazi mkononi. "Mwisho alikuwa anauimba bila viazi."

Nikaendelea kumenya.

Vita vilipokwisha akaandika muziki wa watu wanne, akatuandikia sisi. Sehemu ya mwisho ilitoka kwenye wimbo ule. Inaanza na viola peke yake, wengine wamenyamaza, na nilipoisoma mara ya kwanza nilijitia kuipiga kwa mbwembwe, mtetemo mwingi, machozi mengi. Akaniwekea mkono begani.

"Tasya, hapa usiwe msanii. Hapa wewe ni mtu anamenya viazi."

Tangu siku hiyo sijawahi kupiga kitu kwa mbwembwe zile, wala sikuwahi kukitaka kitu kisikike kama nilivyotaka kile kisikike. Na yeye vilevile. Alikuwa haombi makubwa. Alitaka Lidiya asikike mahali penye watu, mara moja, hadi mwisho.

Sasa, kwetu kazi mpya haikwenda kwa watu moja kwa moja. Ilipelekwa kwanza Umoja wa Watunzi, ikapigwa mbele ya wenzako, wakaijadili, kisha wewe mtunzi ukasimama na kushukuru. Hata wakikuchuna ngozi, unasimama unashukuru. Ndiyo ilikuwa adabu. Na majira ya baridi yale lilikuwa limeshuka azimio kutoka Moscow, kwamba watunzi wameacha wananchi na kukumbatia makelele, kwa hiyo kila mji ulikuwa unatafuta wa kwake wa kuchuna.

Katibu wa Umoja mjini kwetu aliitwa Klimenty Fomich Dudarev. Mtunzi wa nyimbo za gwaride, mtu wa shingo nene, na sikio lake lilikuwa zuri sana, hilo simnyimi. Sikio hilo ndilo lililomfanya awe hatari. Pembeni yake alikaa naibu wake Zhorin, bado kijana, nywele kapaka mafuta, aliyecheka kila Dudarev alipocheka.

Tukapiga sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wanakohoa, wanatazama viatu vyao. Tukafika ya mwisho. Nikaanza peke yangu. Nilipopanda na kusita, kabla sijarudi chini, nikamwona Dudarev koo linapanda na kushuka. Alisikia, jamani. Alisikia kila kitu. Na hapo hapo akanyanyua mkono.

"Basi, basi. Nina swali dogo, Ndugu Ryabinin. Nani kafa?"

Zhorin akacheka, na wengine wakacheka nyuma yake.

"Mke wangu, Klimenty Fomich," akasema Innokenty.

Kicheko kikakatika. Dudarev akajifuta uso kwa kitambaa.

"Pole. Pole sana. Lakini hiyo huzuni ni yako, ikae nyumbani kwako. Sisi hapa tumeshinda vita, bwana! Tanuri zinawaka, watoto wanazaliwa, wewe unafunga kazi kwa kilio? Mfanyakazi katoka zamu, kaja kwenye tamasha, umrudishe kwake anaburuza miguu? Nani kakutuma?"

Wakasimama wenzake mmoja mmoja. Watu waliokunywa chai kwenye chumba chake juzi tu, wakasema kwamba muziki ule ni umbo tupu, kwamba hauna mwananchi ndani yake. Uamuzi: mwisho ule utolewe, uwekwe wa furaha. Innokenty akasimama, mikono kaibana ubavuni. "Nawashukuru ndugu kwa ukosoaji wenu," akasema, na sauti yake haikutetemeka. Niliwachukia wote ukumbini, nikajichukia na viola yangu kwa kunyamaza ilipoambiwa inyamaze.

Mwisho wa furaha aliuandika siku moja, amesimama, kwenye meza ya jikoni. Ngoma ya kurukaruka ya kijijini. Akauita "Mavuno" na kunikabidhi kurasa kwa ncha za vidole.

"Chukua. Ina vitamini."

Na mji ukaipenda, Mungu anisamehe! Ilikuwa inachekesha, ina kasi, chelo inakoroma kama mlevi anayetafuta kofia. Redio iliipiga asubuhi kabla ya mazoezi ya viungo. Wasichana waliruka kamba nayo uani kwetu. Innokenty akiisikia dirishani alifunga dirisha, hata kiangazi. Ile ya Lidiya ilibaki chini ya godoro lake na vichwani mwetu wanne.

Miaka mitatu baadaye Dudarev alianguka kwenye bafu la mvuke, hakuinuka. Tukaitwa ukumbini kama kawaida. Tulikuwa chumba cha nyuma tunapaka upinde ulimbo, Matvei kashauliza kuhusu mwenyeji na kashajibiwa, mara Innokenty akaingia na koti lake la kazi, akatoa kifuani kurasa zilizokunjwa.

"Nataka mpige hii."

Matvei akaitazama, akaitambua, akairudisha haraka kama kashika chuma cha moto.

"Innokenty, una wazimu? Utatuua."

"Nani anasikiliza msibani? Niambie. Umepiga kwenye majeneza mangapi, kuna mtu hata mmoja aliwahi kuuliza hiki ni cha nani?"

Kweli hakuna. Hilo wapiga nyuzi wote wa mji walilijua. Unaweza kumpigia maiti wimbo wa kubembelezea mtoto, ilimradi polepole, watu watajifuta macho na kuangalia saa.

"Kwani kwa nini kwake?" nikauliza mimi. "Kwa nini yule, Innokenty Pavlovich?"

Akatabasamu. Sikuwahi kuliona tabasamu lile, na sikulipenda.

"Aliniuliza swali, Tasya. Mbele ya watu. Nani kafa? Nimekaa nalo miaka yote hii. Leo nina jibu."

Tukacheka. Jamani, tulicheka hadi mpiga chelo akakaa chini. Na tulikuwa tunaitaka ile sehemu kama wendawazimu, lazima niseme ukweli, kwa hiyo tukakubali kabla kicheko hakijaisha.

Ukumbini watu wanne wanne walikuwa wanasimama zamu kwenye pembe za jeneza, kitambaa chekundu chenye ukingo mweusi kimefungwa mkononi. Ilipofika zamu ya watunzi, Innokenty akasimama upande wa kichwa cha Dudarev. Matvei akanipa ishara. Nikaanza kumenya viazi.

Nikapanda, nikasita. Safari hii hakuna mkono ulionyanyuka. Nikarudi chini, fidla ya pili ikanipokea, na tukaenda mpaka mwisho, mpaka pale ambapo wote wanne tunaachia upinde kidogo kidogo na hujui sauti imekwisha lini. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliozika wengi vitani bila hata tarumbeta mbili. Wakaanza kulia. Hawakulia kwa heshima kama ada ya msiba, walilia kwa kwikwi, vichwa vikiwa vifuani mwa watu wasiowajua. Kupitia majani ya michikichi nikamwona Innokenty. Lile tabasamu limeondoka. Machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, na hawezi kujifuta, maana mtu wa zamu hatikisiki.

"Tazama Ryabinin anavyomlilia," akanong'ona mama mmoja mbele ya michikichi. "Na jinsi marehemu alivyomsema! Moyo mkubwa."

Pale ningepaswa kuogopa. Sikuogopa, nilikuwa nimeshiba.

Mezani tukakaa mwisho kabisa, karibu na mlango, kama ilivyo nafasi ya wapiga muziki. Chapati zimeanza kuzunguka. Mjane wa Dudarev, Valentina Karpovna, akainuka na gilasi yake, mwanamke mpana, macho yamevimba.

"Ndugu zangu, ule wimbo. Ule wa mwisho. Ni wa nani?"

Kijiko kimoja kikalia kwenye sahani. Matvei akawa mweupe kama kitambaa cha meza. Waliokuwepo siku ile Umojani walikuwa wametambua tangu nilipopanda na kusita, niliwaona nyusoni. Wote wakainamia sahani zao. Funika kombe mwanaharamu apite. Zhorin peke yake hakuinama. Alikuwa anatutazama sisi wanne, mmoja baada ya mwingine, polepole, na alishaacha kutafuna.

Kupiga muziki uliokatazwa, juu ya jeneza la mtu aliyeukataza, kwa kicheko. Kwa kosa hilo usingenyang'anywa viola tu. Watu walikuwa wanachukuliwa usiku, wasirudi, kwa madogo zaidi.

"Ni wako, Innokenty Pavlovich?" akasema mjane. "Nilikuona ulivyolia. Umemtungia Klimenty wangu?"

Innokenty akasimama. Akatutazama sisi pale mlangoni, na mimi nikajua anachotaka kufanya ili atuokoe, nikataka kupiga kelele. Mikono akaibana ubavuni.

"Ndiyo, Valentina Karpovna. Nimemtungia yeye."

Mjane akaizunguka meza nzima kumkumbatia. Zhorin akarudi kutafuna.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka uliofuata ikachapishwa kwa karatasi nzuri: "Ombolezo, kwa kumbukumbu ya Ndugu K. F. Dudarev." Ile iliyokuwa umbo tupu sasa ilikuwa na mwananchi ndani, mwananchi mwenye shingo nene. Alipokufa mkubwa kuliko wakubwa wote, kule Moscow, redio ilipiga huzuni wiki nzima, nayo ilikuwemo, mtangazaji akimtaja Dudarev kila mara. Tuliipiga kwenye majeneza ya mji wetu mpaka nikaijua kuliko jina langu. Innokenty hakuja kuisikiliza hata mara moja.

"Imesikika," nilimwambia siku moja jikoni, nikitafuta la kumfariji. "Si ulitaka asikike?"

"Kasikika nani, Tasya? Lidiya hata hakumjua yule mtu."

Baadaye wakasema barafu imeyeyuka, yaani ukali wa enzi ile umepita. Makosa yakaanza kusahihishwa. Ikaonekana kwamba katika mji wetu makosa yote yalifanywa na mtu mmoja, na bahati nzuri amekwisha kufa: Dudarev. Picha yake ikatolewa ukumbini. Mjane akahamishwa kwenye chumba kimoja. Wale wale walioinamia sahani sasa wakasimama kueleza jinsi Dudarev alivyowakandamiza, na vijana wa chuo wakawa wanamwonyesha Innokenty kidole mtaani: yule ndiye aliyemtungia ombolezo, yule ndiye aliyemlilia. Mkuki kwa nguruwe. Innokenty aliwapisha njia tu.

Mapafu yakamlaza hospitali. Nilimpelekea supu, akanywa vijiko viwili, akaisukuma.

"Nikifa, mnipigie ile. Msitaje jina la mtu yeyote. Nyie pigeni tu, mimi nitajua ni nani."

"Utapigiwa. Naapa."

"Na yale Mavuno..." Akakunja uso, nikamwelewa.

Alipokufa nilikwenda kwa Zhorin. Sasa yeye ndiye katibu, nywele zimebaki chache ila mafuta ni yale yale. Akaniinukia, akanivutia kiti, akaniagizia chai, akaniita kwa jina langu kamili.

"Taisiya Markovna, mama, haiwezekani. Kipande cha Dudarev? Leo hii? Tunasahihisha makosa, wewe unataka tulirudishe kosa, tena kwa muziki?"

"Si cha Dudarev. Ni cha Lidiya, mke wa Innokenty, kiliandikwa kabla hata hatujamzika huyo Dudarev wenu. Ulikuwepo! Mzee aliponyanyua mkono ulikuwa pembeni yake, unacheka."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote.

"Nilikuwepo," akasema. "Na mezani nilikuwepo vilevile. Alisimama mwenyewe, akasema nimemtungia yeye. Wewe pia ulikuwepo, ulikuwa mlangoni na chapati mkononi. Mbona hukusema?"

Nikakisukuma kikombe cha chai.

"Mpigeni Mavuno," akasema Zhorin kwa upole. "Watu wanaipenda. Marehemu alikuwa na kipaji cha furaha."

Tukampigia Mavuno. Nyuma ya michikichi ile ile, Matvei kashazeeka, vidole vinamkwama, tukaruka na kukoroma juu ya mtu aliyelala kwa koti lake la kazi. Nilimwona fundi umeme wa ukumbi anagonga mguu kufuata ngoma, mwenyewe hajui. Zhorin akahutubia juu ya matumaini. Nilitamani upinde ule niuvunje kwenye goti langu, lakini nikapiga hadi alama ya mwisho.

Makaburini walikuja watu wachache, theluji ya Machi ilikuwa inalowesha viatu. Udongo uliporudishwa wakaondoka kuwahi meza. Nilibaki na kisanduku cha viola mkononi, na upande wa pili wa kaburi alibaki bibi mmoja mpana ndani ya koti la manyoya lililoliwa na nondo. Sikumtambua mara moja. Hakuna aliyekuwa anamwalika tena popote.

"Mbona hamkumpigia ile ya Klimenty wangu?" akauliza Valentina Karpovna.

"Walikataa."

"Mbwa hao." Akapangusa pua kwa glovu. "Huyu ndiye mtu pekee aliyemlilia mume wangu kwa kweli. Wengine wote walikuwa wanatazama saa. Nilimwona kwa macho yangu. Halafu anazikwa kwa kurukaruka kule, kama mbuzi!"

Akasogea ukingoni, akashika msalaba mpya wa mbao ili asiteleze, akaanza kuimba kwa pua. Sauti imekwisha, pumzi fupi. Lakini ilipanda kidogo, ikasita, ikarudi chini ilikotoka. Hakuongeza machozi, hakuongeza mbwembwe. Aliimba kama mwanamke aliye peke yake jikoni.

"Namwazima wimbo," akasema alipomaliza. "Klimenty hatakasirika. Kwa leo tu."

Ukweli wote ulikuwa mdomoni mwangu. Ulikaa hapo tangu siku ya chapati, na sasa hakuna Zhorin, hakuna wa kuchukuliwa, nilikuwa na haki ya kumtemea huyu bibi jina la Lidiya mbele ya uso wake. Nikamtazama. Nikaona kwamba nikisema atanyamaza, na Innokenty chini pale hakuwa na mtu mwingine wa kumwimbia.

"Nimekosea mahali?" akauliza.

Nikasimama wima, mkono ubavuni, kama tulivyozoeshwa.

"Hapana. Nakushukuru, Valentina Karpovna," nikasema. "Tafadhali, urudie tangu mwanzo."